Njiti Fupi

Walipokuwa wadogo, ugomvi ukizidi,
nilishika njiti mbili za kiberiti ngumini,
moja nzima, moja nimeivunja kwa meno.
Avutaye fupi ndiye alishaye nguruwe
asubuhi ile, theluji iwepo isiwepo.
Sikusema: wewe msichana, kaa ndani.
Sikusema: wewe mvulana, toka.
Njiti hazijui nani kavaa sketi.
Nilijiona mama wa haki, hapa Hjørring,
kwenye shamba linalonuka samadi na chumvi ya kaskazini.

Kurwa na doto wangu.
Sidsel alitangulia kwa dakika kumi na moja,
akifoka kama mtu aliyecheleweshwa.
Asger alifuata kimya, kitovu kimemzunguka shingo,
wakampiga kofi mpaka akakubali kupumua.
Tangu hapo ndivyo walivyo:
dada huchinja kuku,
kaka hugeuza uso, akashika miguu.

Zamani sheria ilikuwa na ndimi mbili.
Kijana wa kiume aliandikiwa mwito.
Wa kike aliandikiwa mwaliko,
kama wa harusi: ukipenda, njoo.
Sasa imebadilika. Barua zilifika siku moja.
Nilizilaza mezani bega kwa bega,
nikatafuta tofauti kwa miwani na bila miwani.
Nilipata majina tu.

Jumanne wakaenda.
Daktari akawapima macho, akawagonga magoti,
kisha pipa la kura, mkono ndani hadi kiwiko.
Namba kubwa, rudi kwenu.
Namba ndogo, jeshini, miezi kumi na moja.
Asger alitoa thelathini elfu na kitu.
Sidsel alitoa mia mbili na kumi na mbili.
Asger akaomba wabadilishane.
Karani akatikisa kichwa, si kwa ubaya:
kura haina undugu.

Ujanani nilibeba bango mitaani,
kazi sawa, mshahara sawa, mvua inaninyeshea.
Bango lile lilikuwa na upande wa nyuma.
Sikuwahi kuligeuza nikausoma.
Na bibi yangu Ragnhild, miaka ya uvamizi,
alificha bunduki chini ya viazi
akampa askari wa adui maziwa, akatabasamu.
Hakuna aliyemwandikia,
si mwito, si mwaliko,
wala baadaye, shukrani.

Haya yote niliyapanga kichwani kama vyombo
ili nimwambie binti yangu neno moja la maana.
Lililonitoka ni hili: Hawakukuuliza.
Sidsel akaacha kumenya kiazi.
“Na Asger,” akasema, “nani alimuuliza?”

Ganda likaning’inia kwenye kisu.

Kweli. Tangu siku ya lile kofi
nilijua yake itafika.
Nilimnunulia soksi za sufu mapema.
Shati la kwendea nililipiga pasi mwenyewe,
kola mara mbili, jicho kavu.
Baba yake alikwenda, babu yake alikwenda,
nikaita desturi, nikageuza shati upande wa pili.
Basi chozi hili la leo ni la nani?
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husemwa.
Mbona mimi niliujua nusu,
wa pacha mmoja,
na wa mwenzake nikaukopa miaka kumi na minane
bila hata kumwambia anadai?

Msiniulize kama wanawake waitwe.
Mpaka walipomwita wangu
sikuwa nimeuliza kama mtu yeyote aitwe.

Tumekula. Sahani zinangoja.
Mkono wangu, kwa mazoea, umefika rafuni
ukashika kiberiti.
Asger amekichukua kwangu taratibu,
amekirudisha, amekunja mikono ya shati.
Ukumbini Sidsel anajaribu buti kuukuu za baba yake,
ko, ko, mpaka mlangoni, ko, ko, mpaka hapa.
Zimemzidi kwa vidole viwili.

Nje nguruwe wanapiga kelele.
Leo hakuna aliyewalisha.