Besi ya Bosi

Nyuma yake pameandikwa kwa rangi ya mlango:
ZB 7.
ZB ni Zakayo Bwire, mwenye baa, mwenye bendi,
mwenye spika na jenereta na sare zetu za zambarau.
Saba ni hii. Sita ni rizimu, nane ni kinanda kibovu.
Kabla yangu, saba ilikuwa ya Lukelesha;
kabla ya Lukelesha, sijui.
Pale mkono unapoegemea mbao imelika,
laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni,
na si mimi peke yangu niliyeila.

Ijumaa Igoma. Jumamosi nyumbani, Kirumba.
Jumapili bonanza la mchana, watoto na soda zao
wakicheza vizuri kuliko wazazi.
Lakini kalenda yetu hasa ni mwezi:
ukipevuka, karabai hazivuti dagaa,
wavuvi wanakaa nchi kavu na hela mfukoni,
nasi tunavuka kwenda Nansio,
spika chini ya turubai katikati ya magodoro ya watu,
Mashauri amelala juu ya tumba zake
asije mtu akazitwisha saruji.

Mwimbaji hutuzwa. Noti hubandikwa kwenye jasho la paji lake.
Mpiga solo hutuzwa, hata asipopiga sana,
akifumba macho tu.
Mimi, miaka kumi na tisa, nimetuzwa mara mbili:
mara ya kwanza na mlevi aliyenidhania mwingine,
mara ya pili na mama mmoja wa Mwaloni
aliyeinama akaweka sikio kwenye spika kubwa,
akaja akasema, kumbe ni wewe unayenigonga hapa,
akagusa tumbo, si kifua.
Elfu mbili, yenye magamba.
Nilikaa nayo wiki nzima.
Kisha tukanunua unga.

Nansio, usiku ule, umeme ulikatika katikati ya wimbo.
Solo ikafa. Sauti ya Mafuru ikabaki ndogo,
ya mtu wa kawaida anayeuliza njia.
Jenereta halikuwa na mafuta; kijana akatumwa na dumu.
Besi bila umeme ni ubao wenye nyuzi nne,
ila vidole vilikuwa vimeshaondoka, havikupata habari.
Nikaendelea. Mashauri naye, taratibu, kwa viganja.
Chini ya bati palikuwa giza; mwezi ulibaki nje na ziwa lake.
Ndipo nikasikia miguu.
Kandambili, buti, soli za tairi,
ikikanyaga pale ninapokanyaga mimi,
na hakuna aliyekuwa akinisikia.
Umeme uliporudi tulikuwa sote mahali pamoja ndani ya wimbo,
isipokuwa Mafuru, aliyekuwa amekwenda kukojoa.

Posho: elfu kumi na mbili na sato mmoja.
Sato nilimbeba kwenye begi la nyaya.
Nyaya zinanuka hadi leo.

Jumatatu naipeleka stoo.
Nyanjige anaigeuza, anasoma namba kana kwamba hatujuani,
anaandika daftarini: ZB 7, imepokelewa, nzima, nyuzi nne.
"Na mfuko?"
Mfuko ni wangu, namwambia. Ameushona mke wangu.
Anaandika na hilo.
Napanda kilima cha Mabatini, mawe na ngazi na mawe,
mfuko mtupu unanipiga mgongoni,
watu wananiamkia, "Vipi, mwanamuziki,"
na mimi naitika.

Usiku, mgongoni mwa Kabula, vidole vinaanza vyenyewe.
"Umerudisha gitaa," anasema bila kugeuka,
"rudisha na vidole."
Naacha.
Ananyamaza kidogo, kama aliyelala.
Halafu mguu wake, chini ya shuka,
unaendelea.