Matobolwa ya Umeme

Kwandu alipohamia Bukoba aliniachia vitu vitatu:
ufunguo wa geti ambalo halipo tena,
paka,
na mashine ya kukaushia chakula.
Trei sita, feni nyuma,
namba za joto zimefutika nusu:
sabini inasomeka "abini".

Bibi Nyanzobe alikuwa amekuja kutoka Magu
kutibiwa macho. Akaizunguka,
akaipapasa mbavu kama mbuzi wa mnadani.
"Hili ndilo jua lenu?"
"Ndilo, bibi."
"Na bili yake?"

Nilianza na maembe, kwa pupa.
Vipande vingine vinene kama sabuni ya mche,
vingine vyembamba kama risiti ya Luku.
Kulipokucha, vyembamba vimekuwa ngozi ya ngoma,
vinene bado vinalia maji.
Nikavitia vyote kwenye chupa, vya moto vile vile,
nikakaza kifuniko.
Siku ya nne chupa ilitoka jasho kwa ndani.
Siku ya saba ilikuwa na ndevu za kijivu.

Bibi hakuniambia nimekosea. Alisema,
"Hata mwamba wa hapo nje, jua likizama,
huupi muda upoe ndipo uukalie?"

Tukaanza upya, wawili.
Macho yake yalikuwa na ukungu, ila kisu chake kiliona.
Viazi vilivyochemshwa, vikapoa,
akavikata unene mmoja, wa kidole cha mtoto,
akavipanga kwenye trei visigusane,
"kama watu wanaodaiana."
Mimi nilipewa kazi ya waya:
kuchomoa kwanza, ndipo kufuta kwa kitambaa kibichi;
kuisogeza mashine shubiri mbili kutoka ukutani, ipumue;
kuondoa pazia, magazeti,
na pasi iliyokuwa ikila soketi moja nayo.

Mchana ule visubi walipanda kutoka ziwani
kama moshi wa kiwanda,
wakaangukia michembe ya jirani, pale juu ya jiwe.
Jirani akapiga kelele, akakimbia na shuka.
Jikoni kwetu Kitangiri feni ilivuma tu,
na nyumba nzima ikanukia kiazi.

Kisha nikapata kiburi. Nikathubutu nyama.
Kilo mbili, nimezipika kwanza zikaiva hadi kiini,
hilo nililijua.
Ambalo sikuliangalia ni uniti.
Saa saba usiku Luku ikaisha,
nami nimelala fofofo.
Alfajiri kilichoniamsha ni kimya.

Nyama ilikuwa vuguvugu, laini,
nzuri kwa macho. Nikainusa mara tano
nikitafuta ruhusa.
Bibi, kutoka kitandani:
"Usiiulize pua. Iulize saa."
Nikahesabu kwa vidole. Mkono mmoja ukajaa.
Niliifukia nyuma ya choo, ndani kabisa,
paka akiwa shahidi.
Hakunisalimu mpaka Jumatano.

Siku hizi naiwasha asubuhi,
siku ambayo sitoki,
baada ya kusoma mita kama mtu anayesoma barua ya mahakama.
Matobolwa yakitoka, yanapoa mezani chini ya chandarua,
kisha chupani, na wiki nzima naitikisa kila siku,
nikichungulia kifuniko kama kuna hata tone.
Kukiwa na tone, yanarudi kwenye trei. Hatubishani.

Wiki iliyopita nilipeleka kifurushi Nyegezi,
kipande cha basi, mpaka Dodoma, chuoni kwa Holo.
Jana usiku akapiga simu, mdomo umejaa.
"Mama, nipe bibi nimwamkie."

Bibi akaibana simu sikioni,
hakungoja shikamoo.
"Vunja kimoja," akasema.

Hata mimi, upande wa pili wa chumba, nilisikia:
ka!

Akanirudishia simu, akavuta kanga mabegani.
"Kimekauka," akasema.
"Haya. Sasa niambie ile bili."