Safu Tupu

Shule hii ya Bosnia ina milango miwili, kengele mbili.
Wa mlango wa kushoto huingia kwanza,
wa kulia baada ya robo saa,
wasije wakakutana ngazini.
Katikati ya uwanja kuna ukuta mfupi uliopakwa chokaa;
mpira ukivuka, umehama nchi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema kwetu.
Hapa ukuta ulishajengwa.
Kinachotafutwa ni ufa.

Mwalimu Razija haanzi somo na mafuvu.
Picha anazo, kabatini, chini ya ramani,
na ufunguo hauachi mezani.
Anainua daftari la mahudhurio.
"Hili la kazi gani?"
"Kujua nani hayupo," anajibu Nedim,
ambaye hujibu kwanza, akafikiri baadaye.

Ubaoni anaandika majina sita ya darasa,
kando yake anachora mstari wima,
safu mpya, haina kichwa.
"Na hapa nikiandika nyumbani kwenu husali wapi?
Kisha daftari likatoka mkononi mwangu?"

Kimya. Theluji inaporomoka paani, pu!
Mtu mmoja anacheka, anaacha.

Lamija amesoma mbele ya wenzake, kama kawaida yake.
"Lakini mkataba ulikuwepo, mwalimu.
Tangu arobaini na nane. Nchi zilitia saini.
Kuzuia na kuadhibu, ndivyo unavyoitwa.
Mbona kuzuia kumeandikwa mwanzo
na kuadhibu ndiko kulikofika?"

Kwenye andalio la somo kuna jibu, mistari minne, kwa wino wa buluu.
Mwalimu analitazama. Analifunga.

"Nilikuwa na miaka tisa, mji mwingine, kando ya Drina.
Mpeleka barua wetu, Bwana Ostoja,
aliamriwa kuandika mtaa wetu: nani, mlango upi.
Akasema, nimesahau.
Miaka ishirini na mbili ya barua, amesahau.
Wakampiga. Akasahau zaidi.
Mkataba hakuwahi kuusoma,
alikuwa na baiskeli na mguu mbovu.
Sisi nyumba kumi na moja tukatoka usiku."

"Na mtaa wa pili?"

"Mtaa wa pili," anasema, na chaki inakatika,
"mpeleka barua wao alikuwa na kumbukumbu nzuri."

Nedim anainua mkono, mara hii taratibu.
"Kwa hiyo tusahau?"

"Mbele ya mwenye bunduki, sahau hata jina la mbwa wa jirani.
Lakini mimi nilipokua waliniita mahakamani,
mji wa mbali, wenye upepo wa chumvi.
Wakaniuliza majina ya mtaa wa pili.
Nikayataja yote. Mchana kutwa.
Karani akaandika, hakimu akasubiri,
nilipokwama kwa mtoto wa mwisho, wakaniletea maji."

Kengele. Ya kwao, si ile nyingine.
Nedim anafuta ile safu kwa mkono wa sweta;
mstari unabaki, hafifu, na vumbi kiwikoni.

Uwanjani mpira unavuka.
Upande wa pili mvulana ameukumbatia.
"Unaitwa nani?"

Swali hili ameulizwa mara elfu.
Leo koo linakauka.
"Rusha tu," anasema.

Mpira unarudi. Wenzake wanaita.
Anapiga hatua tatu, nne,
anageuka, anarudi mpaka ukutani,
anaegemea chokaa kwa viganja viwili,
anamtajia.