Ndoo Tupu

Bomba lilipofika kijijini kwetu, huku nyuma ya Mvumi,
tulipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka.
Mwenyekiti alifungua koki, akanawa uso mbele ya watu
kama bwana harusi,
na mimi nikahesabu: kutoka mlangoni kwangu hadi majini
hatua arobaini na mbili.

Zamani ilikuwa saa nzima kwenda,
na kurudi hakuhesabiki, maana ulirudi na lita ishirini shingoni.
Korongoni unafukua mchanga kwa kata,
unasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo
kama deni linalolipwa na mtu asiyetaka.
Sikuililia njia ile. Nani hulilia fimbo?

Basi nikakaa.
Mwaka wa kwanza nilikaa kwa raha,
wa pili kwa mazoea,
wa tatu magoti yakaanza kulia kama mlango wa ghala,
na Nesi Perpetua, binti mdogo, kucha zimepakwa rangi,
akanifunga mkono kwa kile kitambaa chake kinachovimba,
akatazama namba, akanitazama.
"Mama Nyemo, unatembea?"
Nikamwambia, mwanangu, mimi nimetembea
kabla mama yako hajavunja ungo.
Akasema, "Sijauliza zamani."

Neno hilo nilirudi nalo kama mwiba wa mgunga:
hauonekani, ila kila ukikanyaga, upo.

Lakini mtu mzima atatokaje tu alfajiri
aende asikotumwa?
Kwetu ukionekana unaharakisha gizani
watu huuliza, nani amefariki?
Ng'ombe wa nani wameibwa?
Kwa hiyo nilibeba ndoo.
Ndoo tupu, ngata kichwani, khanga kiunoni,
nikashika njia ya korongo
kama mtu ambaye hajasikia habari za bomba.

Siku ya kwanza niliishia kwenye zabibu za Ndahani.
Niligeuza ndoo, nikaikalia, nikahema
kama mbuzi aliyekoswakoswa na fisi.
Siku ya tano nikazipita zabibu.
Siku ya sita sikwenda. Ulivuma upepo wa Julai,
ule unaochuna masikio,
na mimi si malaika.

Penina akanidaka njiani. "Mbukwa, wifi! Bomba limekatika?"
"Halijakatika."
"Sasa ndoo ya nini?"
Nilitafuta uongo, nikaukosa.
"Ya aibu," nikasema.
Alicheka mpaka akashika mti.
Kesho yake nikasikia kandambili nyuma yangu,
pa, pa, pa,
na yeye kajitwika ndoo, tena ya kwake ina tundu.

Sitawadanganya. Kiuno hakijarudi cha usichana.
Presha hupanda na kushuka kama nauli,
na vidonge bado navimeza.
Lakini kabla ya korongo kuna mwinuko,
pale mawe yalipobebana migongoni,
na zamani sikuwahi kuinua uso hapo,
lita ishirini haziruhusu.
Miaka thelathini nilipapita nikitazama vidole vya miguu yangu.
Juzi nikatazama.
Kumbe Mvumi yote inaonekana!
Kumbe jua likichomoza huanza na mabati,
moja, jingine, jingine,
kama mtu anayeamsha watoto.
Nina miaka hamsini na sita
na pale nilikuwa mgeni.

Shimo letu la maji limejaa mchanga.
Nilisimama juu yake nikiwa sina haraka.
Miguu ileile, njia ileile,
ila zamani nilitumwa na kiu
na kiu haikuwahi kuniuliza kama nimelala.

Ndoo nimeiacha hukohuko, imepinduliwa kando ya mawe.
Atakayechoka akalie.
Leo nimeikuta ina vumbi la usiku,
nikaigonga kwa kidole, mara moja, kuisalimu,
nikapita.