Mihogo Juani

Miaka ishirini na sita nilichambua tumbaku,
jani la dhahabu huku, la madoa kule,
na vumbi lake, ambalo halikupewa daraja,
nikabaki nalo mimi.
Kampuni ilifunga ghala, ikafunga na vitabu.
Kifua changu hakijafunga hesabu.

Daktari alinisikiliza mgongoni,
akaniandikia pampu ya kuvuta, asubuhi na jioni,
kisha chini kabisa, kwa kalamu iliyokuwa ikiisha wino:
yoga, Alhamisi, saa tatu, ukumbi wa nyuma.
Nikauliza, hiyo inauzwa duka gani la dawa?

Basi tuko tisa, hapa Arua, kilimani Ediofe,
juu ya mikeka ya mafunjo inayotuchora mistari mashavuni.
Fadlallah, dereva mstaafu wa malori ya Juba,
sukari imemla vidole viwili vya mguu.
Mke wa katekista, mwenye presha,
aliyekuja na rozari mfukoni, kwa tahadhari tu.
Na kijana Afeku wa selimundu,
anayeyajua maumivu kwa majina yao ya utani.

Mwalimu wetu anaitwa Ayikoru.
Kwetu, kwa Kilugbara, hiyo ni furaha.
Mimi ni Candiru. Hiyo ni taabu.
Siku ya kwanza alipoita majina
ukumbi mzima ulicheka, nikacheka nami,
kicheko kikageuka kikohozi,
na kikohozi kikakaa kuliko kicheko.
Alingoja. Hakusema pole. Alisema:
"Toa kwanza, mama.
Pumzi iliyokwama mlangoni haimpishi mgeni."

Vuta kwa mbili, toa kwa nne,
midomo imebanwa kama ya mtu apozaye uji.
Ukiniuliza, mengine yote ni kujinyoosha tu.
"Simameni kama mti," alisema, mguu mmoja juu,
na Fadlallah akaanguka kama mti kweli,
akabaki pale chini akitutangazia:
"Huu sukari imeshaukata mizizi!"

Ila ile ya mwisho ilitushinda.
"Sasa laleni chali, mlegee kama maiti."
Hakuna aliyelala.
Mke wa katekista aliingiza mkono mfukoni.
Fadlallah alitazama dirisha.
Nikasema, mwanangu, hiyo tulishafundishwa
mwaka wa themanini, nyasini, bila mkeka,
nina miaka kumi na mitano, buti zinapita,
na mdogo wangu nimemziba mdomo kwa kiganja.
Tuliilala vizuri mno.
Hatutairudia kwa hiari.

Ayikoru alinyamaza, akakuna shingo.
Yeye alizaliwa baada ya watu kurudi.
Kisha akasema, "Basi laleni kama mihogo."

Mihogo tunaijua.
Ule mchungu, uliomenywa, ukalowekwa,
ukatandazwa juu ya mwamba, mweupe, hauna la kufanya.
Hakuna anayeukemea ukauke haraka.
Jua linakuja, linakwenda, linarudi kesho,
na sumu inatoka bila kuaga.
Tukalala. Tisa, tumeanikwa.

Sijapona. Niliandike wazi,
maana jirani yangu alitaka kutupa vidonge vyake
nikamwambia, mkeka hauli kidonge cha mtu.
Pampu ingali kwenye kanga, fundo la kushoto.
Lakini kutoka sokoni hadi kwangu
nilikuwa nasimama mara tano, najifanya nasalimia watu.
Sasa ni mara mbili,
na hao wawili nawasalimia kweli.

Usiku pumu ikija nayapanga maneno gizani:
pumu, pumzi, pumua, pumzika.
Tumbo moja liliwazaa wote wanne,
na huyu wa kwanza, mkorofi, siwezi kumfukuza nyumbani.
Namwekea kiti. Natoa kwa nne.

Alhamisi iliyopita, tukiwa tumeanikwa,
mke wa katekista alikoroma.
Rozari ilikuwa imetoka mfukoni, iko sakafuni.
Saa ya kuondoka ikafika, ikapita.
Tulivaa viatu nje.