Muhtasari wa Kikao, Itonjanda

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo, si saa tatu,
kwa kuwa ufunguo wa darasa la sita
alikuwa nao mwalimu wa zamu,
na mwalimu wa zamu alikuwa foleni ya maji.
Wajumbe arobaini na mmoja, madawati ya watoto:
watu wazima tulikaa magoti yakisalimiana na videvu.

Bwana Lugusha, afisa kutoka mkoani,
alibandika ramani ubaoni kwa plasta za zahanati.
Nyekundu, njia ya baiskeli.
Kijani, ya kutazama ndege.
Ya bluu, alisema, ni ya kutembea.
Kutembea kwenda wapi? akauliza Mihayo.
Si kwenda, Mzee. Kutembea.
Nikaandika: swali limejibiwa.
Kicheko sikukiandika, hakina safu kwenye fomu.

Kaswende alitaka ijulikane
kwamba hiyo bluu imepita katikati ya karanga zake.
Afisa akasema ni unene wa kalamu tu.
Basi nunueni kalamu nyembamba, akasema, akaketi.

Mihayo ni mrina asali. Akaitwa mbele
aonyeshe anapopita kwenda kwenye mizinga.
Alishika kalamu, akaitazama ncha yake,
akairudisha mezani taratibu, kama mtu arudishaye chenji iliyozidi.
Mstari ukishachorwa, alisema,
mwizi haulizi tena njia.
Mwandishi, andika kuwa ninapita. Usiandike wapi.
Hivyo upande wa magharibi, kwenye mininga na mikurungu,
karatasi ya serikali imebaki nyeupe,
na mimi ndiye shahidi kwamba weupe ule una watu.

Kisha akasimama Nyanzobe,
ambaye hakuwa kwenye orodha ya wazungumzaji.

Njia ya msituni, alisema, naijua miaka thelathini na tisa.
Kwenda nina shoka, kurudi nina kuni.
Ya kisimani, kwenda nina ndoo tupu,
na ndoo tupu nayo ni ndoo.
Ya gulioni, michembe.
Ya banini, tumbaku ya mtu mwingine.
Ya zahanati, mtoto mgongoni;
mwaka ule wa mvua nyingi nilirudi naye vilevile mgongoni,
kanga ileile, fundo lilelile,
ila alikuwa mzito kuliko nilivyokwenda naye.

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa akipiga pampu, ikikohoa.

Sijawahi kupita njia mikono mitupu.
Shingo hii sijui hutazama wapi ikiachwa.
Kama hiyo ya bluu ni ya namna hiyo,
ya kwenda bila kutumwa,
basi ipitisheni karibu na kwangu.
Si lazima iwe ndefu.

Fomu ina safu nne:
namba, jina, hoja, makadirio ya gharama.
Namba niliandika, kumi na saba.
Jina niliandika.
Kwenye hoja kalamu ilisimama mpaka wino ukafanya doa,
na Bwana Lugusha akaninong'oneza, andika "mapumziko".
Niliandika. Ndilo neno lililomo kwenye mwongozo.
Gharama nimeiacha wazi.

Chai ililetwa na matobolwa. Kikao kilifungwa saa saba.

Mengineyo.
Jumatatu mwalimu alinipigia simu.
Ramani ilisahauliwa ubaoni,
na darasa la sita wameichora kwa kalamu za risasi:
panapoivya furu mapema,
pa kukatiza ukichelewa namba,
pa kujificha mvua, nyuma ya bani la akina Sizya,
na mstari mmoja unaozunguka, unazunguka,
hauendi popote, unarudi shuleni.
Aliuliza kama afute.

Nilimjibu asiguse.
Bado tunapokea maoni.