Baridi Ifaayo

Mimi ndiye ninayebandika matangazo ya idara.
Pini ni nne tu, kwa hiyo habari mpya
huingia kwa kuing'oa ya jana.
Ni arusi ya Bwana Kilua wa stoo tu iliyosalimika,
maana pini anatoa yeye.

Jumatatu ile nilibandika hili:
Biokemia yatafuta mwanafunzi mmoja,
wiki nane, posho ya chakula na nauli,
kuchunguza kimeng'enya kinachovunja sukari
katika maji machafu ya mkonge.
Mwisho wa maombi: Ijumaa, saa tisa alasiri.

Mwanakombo Shekigenda alilisoma kwa mguu mmoja,
kandambili imekatika.
"Maji ya mkonge nayajua mimi.
Babu alikata Ngomeni miaka ishirini na mitatu,
mikono ikimwasha hata siku ya Idi.
Hakuna aliyemwambia mle mna sukari."

Barua yake ililetwa Ijumaa, saa kumi kasorobo.
Sheria ni msumeno, na siku hiyo mpini nilishika mimi.
Nikaigonga mhuri: IMECHELEWA.
Nafasi akapata kijana wa Chumbageni.
Simsemi; ni mpole, na huosha vyombo vyake.

Kisha Jumamosi moja umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa mara tatu, likanyamaza.
Friji ya sampuli, inayotakiwa nyuzi nne,
ikasoma sita,
ikasoma saba na nusu.
Dokta Semhando yuko Lushoto msibani, hapatikani.
Kijana wa Chumbageni amelala kwao, hana kosa.
Nani yuko ngazini anasoma kwa tochi ya simu?
Yule yule niliyemgongea mhuri.

Hakuuliza. Alichukua baiskeli ya mlinzi,
nami nyuma kwenye keria, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili,
nimekumbatia ndoo,
hadi kwa muuza barafu kule wanakoshusha samaki.
"Kilo ngapi za kibua mnalaza?"
"Si kibua. Kimeng'enya."
"Huyo huvuliwa bahari gani?"

Tukazika mirija mia na arobaini
katika barafu yenye magamba.
Kila nusu saa alitia kipimajoto,
akaandika kwa penseli nyuma ya barua yake ile:
nne. nne. nne na nusu. nne.
Alfajiri umeme uliporudi
friji iliguna kama mgonjwa aliyeomba uji.

Leo nina habari nyingine mkononi:
utafiti umekubaliwa, jarida la ng'ambo, kurasa kumi na moja,
majina saba juu, la kwetu halimo.
Nimesoma kwa Kiingereza changu cha ofisini,
kidole kikitangulia.
Ukurasa wa tatu kuna sentensi fupi:
sampuli zilihifadhiwa katika baridi ifaayo.

Nimeirudia. Baridi ifaayo.
Inanuka kibua, kwa anayejua.

Na chini yake tangazo: nafasi moja, wiki nane.
Nimemng'olea Bwana Kilua pini moja,
arusi yenyewe wameshazaa.
Nimelisoma kwa sauti mbele ya ubao
hata wa mwisho wa ukumbi wakageuka,
akiwemo mwenye kandambili iliyofungwa waya.
Ijumaa, nikasema. Saa tisa.
Nikasema tena: tisa.